Mzizi Pekee Ndiye Anayeruhusiwa

Wasifu wa mdogo wangu uliosomwa msibani ulikuwa wa nusu ukurasa. Aliusoma mwanawe mkubwa, amesimama wima na miwani ya kuazima. Akasema marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa ofisi ya vizazi na vifo, akawa mfanyakazi wa kawaida, akastaafu kwa heshima. Basi. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wanawake wenzangu, nikafyonya kwa sauti mpaka jirani yangu akanifinya goti.

Watu walipotawanyika nikamwita pembeni.

"Nani amekuandikia yale?"

"Nimeandika mwenyewe, Mama Mkubwa."

"Mamako alikuwa wa kawaida?"

"Ndivyo walivyoandika kwenye faili lake la kazini."

"Na huko kustaafu kwa heshima, nako kumo kwenye faili?"

Akainamisha kichwa. Anajua kwamba kwenye faili kuna neno jingine, neno uzembe, na aliliruka ili amsitiri mamake. Simlaumu. Ila anayesitiriwa hapo si mamake. Ndiyo maana nimechukua daftari nikaandika wa kwangu. Shule niliacha darasa la tatu, mwandiko wangu unapigana vikumbo, lakini sijawahi kuandika uongo, hata kama ni kwa sababu sijaandika mengi.

Tulifanya kazi jengo moja miaka mingi. Yeye aliingia kwa cheti, mimi niliingia kwa ufagio, kibarua asiye na umri wa kustaafu. Alikuwa mpiga chapa, vidole vyake vikikimbia huku mdomo unasimulia habari nyingine kabisa, na hakosei hata nukta. Wakamwita Mama Chapa. Mimi baada ya miaka tisa ya kudeki nikakabidhiwa funguo. Milango kumi na minne, nilikuwa naifunga yote saa kumi na nusu jioni, na kila ufunguo naujua kwa kuupapasa. Hakuna mkuu wa ofisi aliyewahi kuniambia, mama, leo umesahau mlango. Hilo nataka lijulikane, maana lina sehemu yake katika haya.

Chumba chake kilikuwa namba sita, chini, karibu na lango. Humo mlikuwa na kabati lililovunjika mguu, tumelikingia tofali, na ndani ya kabati vitabu ishirini na viwili vya vizazi vya zamani, kila kimoja uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Mchwa walikuwa wameviingia kupitia mgongoni. Mtu anakuja kutafuta uthibitisho wa kuzaliwa kwake, anaambiwa kitabu kimeliwa, rudi mwakani. Mwakani kimeliwa zaidi.

Nje ya lango alikaa fundi viatu mmoja tuliyemwita Kisigino. Huyu alizaliwa ndani ya kitabu namba kumi na saba. Bila cheti hapati kitambulisho, na bila kitambulisho cha baba, wanawe nao kila waendako wanaulizwa, ninyi ni watoto wa nani? Alikuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi mdogo wangu akipita, Kisigino anainua nyundo.

"Mama Chapa, nimeshazaliwa?"

"Bado. Uchungu ndio kwanza umeanza."

"Uchungu gani huo wa miaka saba? Nitatoka na ndevu!"

"Utatoka na kiatu mkononi. Tulia humo humo."

Basi mdogo wangu aliamua kuvipiga chapa vitabu vyote kabla havijaisha. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anafanya saa ya chakula na kila alipobaki na nafasi, jani kwa jani, anapuliza vumbi la mchwa, anakisia jina kwa herufi tatu zilizobaki, na pale asipoweza kukisia anaacha wazi, habuni. Mkuu wa ofisi alipoona kazi inaenda akaifanya yake. Akatangaza kwamba vyeti vya vitabu vya zamani vitatoka mara vitabu vyote ishirini na viwili vitakapofika makao makuu ndani ya flashi, si kimoja kimoja, vyote. Na kila kitabu kilichokwisha kuchapwa kikachukuliwa na lori la taka, kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kuhamia kwenye meza yake. Mdogo wangu alibisha kwa mdomo na kwa barua. Lori likaja.

Sasa niseme habari ya mashine alizochapia, hizo kompyuta.

Zililetwa kumi na mbili, zimeshatumika kwingine, rangi ya maziwa yaliyochacha. Zilikuwa na maneno ya lugha yetu, wasomi fulani wameyatafsiri, ila zilisema kama mtu aliyejifunza kusema jana. Siku ya kwanza mdogo wangu alipochomeka flashi, kioo kikaandika kitu. Mimi nilikuwa nafagia.

"Dada, hebu njoo usome, wewe unayejidai msomi."

Nikaegemea ufagio nikasoma silabi moja moja. "Mzi-zi pe-ke-e ndi-ye a-na-ye-ru-hu-si-wa ku-pa-chi-ka."

"Mzizi ndiyo nini?"

"Mzizi si wa mti?"

"Mti gani umeuona humu ndani?"

Tulicheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Kumbe mzizi ni mtu. Ndani ya mashine za namna ile kuna bwana mmoja mwenye neno la siri, anafanya atakalo, ndiye anaitwa mzizi. Wengine wote ni watumiaji wa kawaida. Kwetu bwana huyo alikuwa fundi wa mitambo, kijana wa umri wa wanetu, ofisi yake ghorofa ya tatu. Kuanzia siku ile akaitwa Mzizi, hata mkuu akawa anajisahau anamwita hivyo kwenye mikutano.

Mdogo wangu alinieleza mambo ya kupachika huku tunakula, na mimi nilisikiliza kwa sikio moja. Alisema flashi ukiichomeka tu haijaingia. Ni kama mgeni amefika uani, hajakaribishwa. Mpaka Mzizi aseme ipachikwe, ndipo mashine inaiona. Na kuondoka vilevile, lazima Mzizi aipachue kwanza.

"Kwa nini? Kitu kimejaa si unachomoa?"

"Hapana, dada. Unaweza kuona mstari wa kwenye kioo umejaa, mashine inakwambia nimemaliza, kumbe mzigo bado imeukumbatia yenyewe. Ikipachuliwa ndipo inaukabidhi."

"Mashine nayo inasema uongo?"

"Haisemi uongo. Inasema mapema."

Nikamwambia uongo ni uongo, tukaendelea kula.

Kupata huduma hiyo ya kupachikiwa ilikuwa hivi. Unapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, unaandika jina lako kwenye daftari lililofungwa kamba mlangoni, unashuka, unasubiri. Mzizi anakuja akipenda. Anakuinua kwenye kiti chako, anakaa yeye, na kabla hajaandika neno lake la siri anakwambia, "Geukia ukutani, mama." Nimemwona mdogo wangu kwa macho yangu, mtu mwenye wajukuu, magoti yamevimba kwa zile ngazi, amegeukia ukuta kama mtoto aliyechelewa shule, mikono nyuma. Akimaliza kazi anapanda tena kumwomba aje aipachue.

"Wewe huoni aibu?" nilimuuliza.

"Aibu ni yake. Mimi naangalia ukuta tu, na ukuta umepakwa rangi vibaya."

Lakini hakuwa mtu wa kukaa tu. Ndani ya maboksi ya mashine kulikuwa na kijitabu ambacho hakuna aliyekifungua. Akakisoma chote. Akakuta kwamba kuna faili moja ndani ya mashine, na kwenye mstari mmoja wa faili lile ukiongeza neno la herufi nne tu, neno lenye maana ya mtumiaji, basi mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti anaweza kupachika flashi yake na kuipachua mwenyewe, bila kugusa kingine chochote. Herufi nne. Akaandika barua, akataja ukurasa na mstari. Mkuu akaipeleka juu. Jibu lilirudi baada ya wiki tano, nimelihifadhi: "Mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kupachika."

Akaliweka chini ya kioo cha meza, akawa analisoma anacheka peke yake. Kicheko kile hakikunipendeza.

Kila kitabu alichomaliza, alimwomba Mzizi apachikiwe flashi akitoe, kiwe mahali pawili. Kila mara jibu ni lile lile.

"Mama, nitakuwa napanda na kushuka kwa ajili yako? Maliza vyote, nitakupachikia mara moja."

"Mwanangu, mashine ikifa je?"

"Haifi. Mimi nipo."

Miaka sita hiyo. Na kila asubuhi Kisigino na nyundo yake. "Nimeshazaliwa?" "Kichwa kinaonekana!" Mdogo wangu alipofika kitabu cha kumi na saba akalipata jina la Kisigino, na la babake, na la mamake, na siku, ukingo wa jani umeliwa lakini maandishi mazima. Alitoka mbio mpaka langoni kumwambia. Kisigino aliangua kilio mbele ya wateja, kiatu cha mtu kimoja mkononi.

Miezi saba kabla ya mdogo wangu kustaafu likaja tangazo. Mashine zinafutwa zote Jumamosi, zinaletwa mpya Jumatatu. Kila mtu atoe vyake mwisho Ijumaa. Mdogo wangu alikuwa amebakiza majani arobaini ya kitabu cha mwisho. Wiki ile hakula mchana hata siku moja. Akamaliza Alhamisi.

Ijumaa alipanda ngazi tangu asubuhi, mara nne. Mzizi alishuka saa tisa na nusu alasiri, begi la safari begani.

"Geukia ukutani, mama."

Akageuka. Mzizi akapachika, akaondoka na begi lake. Mlangoni akasema, "Mstari ukijaa nipigie nirudi niipachue."

Mdogo wangu akavihamishia vitabu humo, mstari ukajaa saa kumi na dakika chache. Akampigia. Simu inaita, haipokelewi. Akapanda ghorofa ya tatu, mlango umefungwa. Akashuka, akajaribu kuipachua mwenyewe, kioo kikamwandikia yale yale: Mzizi pekee ndiye anayeruhusiwa kupachua. Mimi nilipofika na funguo ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano.

"Funga mashine twende," nikasema.

"Siwezi, dada. Haijapachuliwa."

"Mimi nafunga saa kumi na nusu."

"Fungia nayo humo humo. Kesho atakuja kufuta, ataipachua kwanza."

"Chumba changu hakilali na kitu kimechomekwa. Tangu lini?"

"Dada, nakuomba. Usiiguse. Ngoja nikamuulize mlinzi kama gari la Mzizi limetoka."

Akatoka. Nilimwona dirishani anakimbia, mtu wa miaka hamsini na tisa, anachechemea, mkono mmoja umeshika sketi, anamkimbilia mtoto wa juzi aje kuchomoa kidude kisichofika urefu wa kidole changu. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikakumbuka miaka yote ile ya ngazi na ukuta. Nikasema moyoni, leo nitamwonyesha kwamba Mzizi si Mungu. Nikaishika kwa vidole viwili nikaichomoa, kama ninavyochomoa pasi.

Kioo kiliandika maneno. Sikuyasoma. Nilijua kusoma, na sikusoma.

Akarudi anahema. "Iko wapi?"

Nikafungua kiganja.

"Umeichomoa?"

"Nimeichomoa. Na jengo limesimama."

Aliichukua akaichomeka tena, kioo kikasema Mzizi pekee. Akachomoa, akachomeka. Mzizi pekee. Hata kuangalia kama vitabu vimo au havimo, hakuruhusiwa. Na kule vilikotoka havikuwepo tena, maana amri iliyokuja na lile tangazo ilikuwa kuhamisha, si kunakili, majina ya watu yasizagae. Nikamwambia asubiri kesho, asijitie presha. Nikazima mashine kwa mkono wangu, nikafunga mlango. Saa kumi na nusu kamili.

Usiku ule alipiga simu, sijui mara ngapi. Jumamosi alikuwa langoni saa mbili asubuhi, na mimi nilikuwa nyuma yake na funguo zangu. Mzizi alikuwa ameshaingia tangu saa moja kwa funguo za mkuu. Alikuwa ameanza na namba sita, kwa sababu iko karibu na lango. Mashine ilikuwa imeshafutwa, nyeupe.

Mdogo wangu akampa flashi. Mzizi akakaa kwenye mashine ya chumba cha pili.

"Geukia ukutani, mama."

Akageuka. Mimi niko mlangoni, sikugeuka, hakuna aliyenihesabu. Niliona kwenye kioo majina ya vitabu ishirini na viwili yamepangwa vizuri, cha kwanza mpaka cha mwisho. Mzizi akafungua kimoja. Hamna kitu. Akafungua cha kumi. Hamna kitu. Akafungua cha kumi na saba. Majina ya vitabu yapo, ndani mweupe kama kitambaa.

"Nani aliichomoa hii?" akauliza.

Mdogo wangu alikuwa bado anatazama ukuta. "Mimi," akasema.

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kusema. Funguo zilikuwa mkononi mwangu, nikazibana zisilie. Nilifikiria milango kumi na minne na miaka yangu bila kosa. Sikusema.

Wakamwandikia barua ya uzembe. Alifanya ile miezi saba iliyobaki kwenye mashine mpya. Hizo ukichomeka flashi inajitokeza picha yake, mtu yeyote, hata mfagizi. Ukimaliza unabonyeza kimshale, inakwambia sasa unaweza kuitoa salama. Siku ya kwanza alibonyeza kile kimshale, akakaa anakitazama. Mimi nilikwenda kumuuliza Mzizi kwa nini sasa inawezekana, nani ameruhusu. Akanijibu, "Hakuna aliyeruhusu, mama. Zimekuja hivyo zenyewe." Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Yupo mpaka leo, amepandishwa cheo.

Kisigino aliambiwa na mdogo wangu mwenyewe. Sikuwepo, lakini mlinzi alisikia na mlinzi hana siri. Mdogo wangu alisema, "Nimeichomoa kwa haraka zangu, nisamehe." Kisigino akamwambia maneno ambayo sitayaandika, ya kumtakia ubaya yeye na kizazi chake, mbele ya watu. Toka siku ile mdogo wangu hakupita tena lango la mbele. Alizunguka nyuma, kwenye mapipa ya taka, mpaka siku aliyostaafu. Viatu vyake vyeusi vya kazi kisigino kilianza kuachia, hakuvipeleka popote, akavaa kandambili.

Miaka minne tuliishi naye baada ya hapo, nyumba zetu zinatazamana. Hakuwahi kunitajia. Ningependa angenitajia. Mtu akikutukana unamrudishia, mmemalizana. Yeye alikuwa ananiletea mboga.

Juzi, baada ya arobaini yake, nilichukua vile viatu nikaenda langoni. Kisigino yupo, amezeeka, nyundo ile ile. Alinijua.

"Wewe si mama wa funguo?"

"Ndimi. Shona hivi."

Akavigeuza, akaviangalia ndani, akavijua vya nani. Akaviweka chini. "Hivi sishoni."

"Mwenyewe amekufa."

"Nimesikia."

"Hakuichomoa yeye. Nilichomoa mimi."

Mteja mmoja alikuja, Kisigino akamwashiria kwa sindano aende.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne mimi kila nikiamka namlaani yule mama. Mwanangu akirudishwa huko na fomu zake, namlaani. Siku niliyosikia kafa nilisema, afadhali." Akatema mate pembeni. "Na wewe ulikuwa unapita hapa asubuhi na jioni, unanisalimia. Na salamu zako nilikuwa naziitikia!"

"Basi nilaani mimi."

"Laana hairudi nyuma, mama. Ilishakwenda kwa mtu siye."

Nilimwambia kwamba mwenye kosa ni Mzizi, herufi nne tu, kwamba mdogo wangu aliandika barua na ukurasa akautaja. Nilisema kwa sauti, na bado nasema. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Huyo Mzizi ndiye aliyekuzuia kusema?"

Akavichukua vile viatu, akapaka gundi kisigino, akashona pande zote mbili kwa uzi mnene, taratibu, kama vya mtu anayetarajia kuvivaa. Akanipa. Hakunitazama.

Viatu viko hapa mezani, pembeni ya daftari. Daftari hili nitampa mtoto wa mdogo wangu alipeleke ofisini likawekwe kwenye faili la mamake, juu ya ile barua ya uzembe. Kama watamkubalia.